Kwa Nini Mkunga wa Kiume Aitwe Daktari?

Katika hospitali za Kenya limeenea zoea moja la lugha ambalo kwa kukaririwa kila siku halitambuliki tena kuwa ni zoea. Mwanamke aliyevaa sare ya uuguzi huitwa sista. Mwanamume aliyevaa sare iyo hiyo, aliyesomea chuo kile kile na kufaulu mitihani ile ile, huitwa daktari. Mgonjwa humwita hivyo, jamaa za mgonjwa humwita hivyo, na mara nyingi naye mwenyewe huitika bila ya kusahihisha. Katika wadi ya majeruhi jambo hili huenda lisiwe na madhara makubwa. Katika wadi ya uzazi lina madhara, na makala haya yanadai kwamba anayedhurika kwanza ni mama anayejifungua.

Mfano wa Kaunti ya Taita Taveta, na hususan mji wa Voi, unafaa sana kwa mjadala huu. Voi ni mji wa njia panda. Reli ilipita hapo mwishoni mwa karne ya kumi na tisa, tawi la kwenda Taveta likajengwa wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, na leo barabara kuu ya Mombasa na Nairobi bado inamwaga hapo wasafiri wa kila kabila. Mtaita wa Dawida, Msagalla, Mkamba, Mswahili, Msomali na Mtaveta hukutana sokoni na hospitalini, na lugha inayowakutanisha ni Kiswahili. Kwa hiyo maneno yanayotumika katika wadi ya uzazi ya Voi si Kidawida wala Kiingereza cha vitabu vya tiba. Aghalabu ni Kiswahili, na Kiswahili ndicho kinachobeba aibu, heshima na hofu ya pande zote mbili za kitanda.

Ifahamike tangu awali kuwa mwanamume hakujipenyeza katika kazi hii kwa mlango wa nyuma. Mafunzo ya muuguzi wa afya ya jamii nchini Kenya huunganisha uuguzi wa jumla, ukunga na afya ya jamii katika kozi moja. Anayeyapitia, awe wa kike au wa kiume, hawezi kuhitimu bila ya kuzalisha. Chuo cha Mafunzo ya Utabibu cha Kenya, ambacho kina bewa mjini Voi miongoni mwa mabewa yake mengi, hakina mtaala wa wavulana na mtaala wa wasichana. Basi anayeuliza mwanamume anatafuta nini katika wadi ya uzazi anauliza swali ambalo serikali ilikwisha kulijibu ilipoidhinisha mtaala.

Zaidi ya mtaala, kuna jiografia. Kaunti hii ina ukubwa wa takriban kilomita za mraba 17,000, na zaidi ya nusu ya eneo hilo ni mbuga za Tsavo. Watu 340,671 waliohesabiwa mwaka 2019 wamebanwa katika vilima vya Dawida, Sagalla na Kasighau, katika tambarare za mkonge za Mwatate, katika mashamba ya Taveta na katika miji ya kando ya barabara. Hospitali zipo: ya rufaa iko Voi, nyingine ziko Wesu karibu na Wundanyi, Mwatate na Taveta. Lakini uchungu wa uzazi hauchagui saa wala mahali, na njia ya usiku katika nchi ya ndovu si njia ya kumtuma mtu kwa miguu. Mama wa kijiji cha mbali huenda katika zahanati iliyo karibu naye, na zahanati ya aina hiyo huwa na wauguzi wachache mno, pengine mmoja tu wa zamu. Yule mmoja akiwa mwanamume, hana wa kumwachia kazi. Naye mama hana wa kumchagua.

Hali hii imezidi kuwa ya kawaida kwa sababu uzazi wenyewe umehama. Kwa mujibu wa uchunguzi wa kitaifa wa idadi ya watu na afya, akina mama waliojifungulia katika vituo vya afya nchini Kenya walikuwa asilimia 43 katika matokeo ya 2008 na 2009, wakafika asilimia 61 mwaka 2014, na mwaka 2022 wakawa asilimia 82. Katikati ya miaka hiyo, Juni 2013, serikali iliondoa malipo ya kujifungua katika hospitali za umma, mpango ambao baadaye ulijulikana kwa jina la Linda Mama hadi ulipobadilishwa mwaka 2024 pamoja na bima nzima ya afya. Nyumbani, mama alizalishwa na mwanamke aliyemjua, mara nyingi aliyemzalisha mamake pia. Kituoni huzalishwa na aliye zamu. Badiliko hili ni kubwa kuliko linavyosemwa, na lugha haijalifuata.

Hapa ndipo wanafunzi wa Kiswahili wanapoitwa barazani. Neno tulilo nalo kwa kazi hii ni mkunga. Kisarufi, neno hili halina jinsia. Liko katika ngeli ya A-WA pamoja na mkulima, mwalimu na mganga, na upatanisho wake haubagui: mkunga amefika, mkunga ameondoka. (Samaki mrefu aitwaye kwa jina hilo, mwenye kuteleza mkononi, ana mambo yake na aachwe baharini.) Kinachombana mkunga si sarufi bali ni majirani wa neno lake. Kando yake pana kunga, yaani siri na mafunzo ya faragha. Pana kungwi na somo, wanawake wanaomfunda mwari. Katika Desturi za Wasuaheli, kitabu kilichotokana na maelezo ya Mtoro bin Mwinyi Bakari na wenzake na kuchapishwa na Carl Velten mwaka 1903, mambo ya mimba na uzazi yamepangwa mwanzoni, nayo yanasomeka kama mambo ya nyumba ya wanawake. Hivyo Mswahili anaposikia mkunga huona kanga, chumba chenye giza na bibi mwenye umri. Mwanamume mwenye koti jeupe na saa mkononi haingii katika picha hiyo, na kwa kuwa haingii, hutafutiwa jina jingine. Jina lililo karibu ni daktari.

Lakini je, ni kweli kwamba mwanamume hakuwako katika uzazi wa zamani? Riwaya ya Utengano ya Said Ahmed Mohamed, ya mwaka 1980, ambayo kizazi kizima cha wanafunzi wa shule za upili nchini Kenya kiliisoma, inatoa jibu chungu. Bi Tamima anashikwa na uchungu, Bi Farashuu anaitwa aje kumzalisha, na Maksuudi, ambaye hakuwako chumbani na wala hakumshika mkewe mkono, anaghadhibika kwa kuwa mwanamke yule ameingia nyumbani mwake. Tamima anaishia kutalikiwa. Mhakiki akiisoma sehemu hii kwa jicho la wadi ya uzazi ataona kwamba mwanamume amekuwako katika uzazi siku zote, ila alisimama mlangoni. Ndiye aliyeamua nani aingie, nani aitwe, na kama nauli itatoka. Taasubi ya kiume haikungoja muuguzi wa kiume aajiriwe. Basi kuna kinaya katika jamii inayokubali mwanamume atawale uzazi kwa amri kutoka ukumbini, kisha ikashtuka anapovaa glavu na kuinama kuutumikia.

Historia ya Uingereza ina funzo linalofaa kutajwa hapa, kwa maana muundo wa hospitali zetu ulitoka huko. Katika karne ya kumi na nane wanaume walianza kuingia kwa wingi katika kazi ya kuzalisha, wakiwa na koleo za kuzalishia ambazo familia ya Chamberlen ilikuwa imezificha kama siri ya ukoo kwa vizazi kadhaa. William Smellie alifundisha ukunga mjini London na kuchapisha kitabu chake mwaka 1752. Elizabeth Nihell, mkunga aliyepata mafunzo Paris, akawajibu kwa hasira mwaka 1760, akidai kwamba wanaume hao walitumia vyuma pasipo haja. Mwanzoni wanaume wale waliitwa kwa jina la wakunga lililotiwa kibandiko cha uanaume. Halikudumu. Muda si muda wao na warithi wao wakawa madaktari wa uzazi, wenye cheo na malipo ya cheo, na mwanamke akabaki mkunga chini yao. Kisha mlango ukafungwa upande wa pili: hata sheria ya mwaka 1975 ya kuzuia ubaguzi wa kijinsia iliwawekea wanaume vikwazo katika ukunga, na vikwazo hivyo havikuondolewa hadi mwaka 1983. La ajabu ni kwamba neno la Kiingereza la mkunga, kwa asili yake, lina maana ya aliye pamoja na mwanamke. Halisemi kwamba aliye pamoja naye ni wa jinsia gani.

Waingereza walichukua muda mrefu kumpandisha mwanamume cheo kwa kubadilisha jina la kazi. Katika wadi zetu hufanyika kwa pumzi moja: daktari, njoo uone. Na matokeo yake ni mawili yanayoshikana. Kazi ile ile inapofanywa na mwanamke inabaki kazi ya sista, kazi ya kawaida, ya kutolewa shukrani au lawama lakini si heshima ya kisomo. Inapofanywa na mwanamume inakuwa udaktari. Muuguzi wa kike aliyezalisha kwa miaka ishirini atasimama kando ya kijana aliyeajiriwa mwaka jana, na jamaa wa mgonjwa watampita yeye wamwendee kijana kuuliza hali ya mama. Hakuna waraka wa serikali ulioamuru hivyo. Ni lugha iliyoamuru.

Tokeo la pili ni baya zaidi. Daktari, katika mazingira yetu, hakataliwi. Mama anayeamini kwamba anayemkaribia ni daktari hufumba macho, hugeuza uso ukutani na kuvumilia. Lau angejua kwamba huyu ni mkunga, mwenzake wa kike naye ni mkunga, na kwamba wote wawili wako zamu, angeweza kusema anamtaka yupi. Jina kubwa limemnyang'anya nafasi ya kuuliza. Sheria ya Afya ya Kenya ya mwaka 2017 inamtaka mhudumu ampe mgonjwa taarifa za matibabu yake, kwa kadiri inavyowezekana, katika lugha anayoielewa, na inadai idhini yake kabla ya kuhudumiwa. Ni vigumu kuona jinsi idhini inavyokamilika ikiwa mtu hajui hata anayemwomba idhini ni nani.

Watetezi wa zoea hili, nao wapo hata miongoni mwa wauguzi wenyewe, husema kwamba neno daktari ni sitara. Mama huona haya kidogo zaidi akijiambia kwamba aliyemwona ni daktari. Hoja hii si ya kupuuzwa. Haya ni kitu halisi, na anayeicheka hajawahi kulala chali mbele ya mgeni. Tena tangu huduma za afya zigatuliwe mwaka 2013, kaunti ndizo zinazoajiri wauguzi, na aliyeajiriwa na kaunti mara nyingi ni mtoto wa nyumbani. Katika zahanati ya kilimani, muuguzi wa kiume anaweza kuwa shemeji wa mama mjamzito, au, jambo zito zaidi, mkwe wa dada wa mamake. Katika jamii nyingi za Kibantu mkwe na mkwewe hawapeani hata mkono kwa wepesi, sembuse haya. Kwa mama Mwislamu wa Voi au Taveta kuna swali la sheria ya dini pia, ingawa hapa wanazuoni hawakumwacha mama njia panda: anatangulizwa mwanamke anapopatikana, na asipopatikana, dharura hukiruhusu kilichozuiwa. Maisha ya mama hayasubiri.

Lakini sitara ya kweli Kiswahili kilikwisha kuitoa, bila ya kusema uongo kuhusu cheo cha mtu. Tazama jinsi lugha inavyozungumza katika wadi hizi. Hakuna anayetaja kiungo kwa jina lake. Huwa ni kupima njia, na njia imefunguka au bado. Chupa imevunjika. Mama amejifungua, kana kwamba alikuwa amefungwa. Kondo la nyuma limetoka. Tafsida hizi zimefumwa na vizazi vya wanawake, na mwanamume akijifunza kuzitumia ipasavyo huwa amejitwalia pazia lililo imara kuliko la kitambaa, ambalo katika vituo vingi lina matundu au halipo kabisa. Kisha kuna majina ya ukoo. Muuguzi wa miaka ishirini na mitano humwita msichana wa miaka kumi na minane mama, naye mama wa watoto sita humwita muuguzi yule mwanangu. Neno mwanangu, likitamkwa na mwanamke aliye katika uchungu kumwambia kijana asiye wa tumbo lake, humpa kijana mahali pa kusimama. Humweka kando ya tumbo lililozaa, mbali na macho ya tamaa. Wanaisimujamii wangepata tasnifu kadhaa hapa kama wangetoka madarasani kidogo.

Kwa bahati mbaya kijana huyo amefundishwa kila kitu kwa Kiingereza. Anajua kueleza upana wa njia kwa sentimita, anajua kuchora mwendo wa uchungu katika jedwali, lakini namna ya kumwambia mwanamke kwa Kiswahili chenye adabu kwamba sasa anahitaji kumpima, na kwamba anaweza kumngoja sista akipenda, hakuna aliyemfundisha. Huyaokota maneno kwa wahudumu wa wadi na wakunga wa kike waliomtangulia. Wengine huyaokota vizuri. Wengine hukimbilia ukali, na wengine hukimbilia ukimya.

Wapo wanaosema kuwa hofu kubwa ni ya dhuluma, na kwamba mwanamume asiaminiwe na mwanamke aliye katika hali hiyo. Tahadhari ni halali. Ndiyo maana ni sawa kudai kwamba mhudumu wa kiume asiwe peke yake na mama anapompima, na kwamba mama aruhusiwe kuwa na mwenzake, dada au mama mkwe au mkunga wa jadi aliyemsindikiza. Hata hivyo hofu hiyo isitufanye tudhani kwamba wadi isiyo na wanaume ni wadi salama. Utafiti uliofanywa katika vituo 13 nchini Kenya na kuchapishwa mwaka 2015 ulionyesha kuwa mwanamke mmoja kati ya watano waliojifungua alisema alidhalilishwa kwa namna moja au nyingine: faragha kukosekana, matusi, kutelekezwa, hata kupigwa. Mwaka 2018 Mahakama Kuu mjini Bungoma iliamuru mwanamke alipwe fidia ya shilingi milioni 2.5 kwa kujifungulia sakafuni na kutendewa vibaya hospitalini. Katika orodha hiyo ya madhila, jinsia ya mhudumu si chanzo. Uhaba wa wahudumu, uchovu na dharau kwa maskini ndivyo vyanzo.

Na kwa sababu iyo hiyo, sifa nyingine inayosikika sana nayo iangaliwe kwa shaka, ile ya akina mama wanaosema wanaume wanazalisha kwa upole kuliko wanawake. Huenda ni kweli kwa baadhi. Huenda mwanamume ni mpole kwa kuwa anajua ndiye atakayeshukiwa kwanza. Lakini kuisimamisha sifa hiyo kama kanuni ni kumtukana sista aliyekesha na akina mama saba kwa mikono miwili, na ni kumpa mwanamume taji jingine juu ya lile la udaktari. Wahenga walisema usitukane wakunga na uzazi ungalipo. Hawakusema wasitukanwe wakunga wa kiume pekee.

Nini basi kifanyike? Tanzania imetangulia hatua moja. Sheria yao ya mwaka 2010 ni ya uuguzi na ukunga, baraza lao ni Baraza la Uuguzi na Ukunga, na mhudumu huitwa muuguzi mkunga pasipo kuulizwa yeye ni bwana au bibi. Bila shaka jina pekee halikumaliza haya za akina mama wa huko. Ila linampa mwanamume jina la kujitambulisha nalo, lisilompandisha wala kumshusha, na linamwambia mama mambo mawili aliyohitaji kuyajua: huyu amesomea kuzalisha, na huyu si daktari.

Kenya, ambayo Katiba yake ya 2010 ilikifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi sambamba na Kiingereza, bado inaandika beji za wahudumu kwa Kiingereza, kwa herufi ndogo ambazo mama aliye katika uchungu hatazisoma. Vyama vya Kiswahili vya vyuo vikuu hujadili istilahi za kompyuta na za sheria mwaka baada ya mwaka, na hakuna ubaya. Lakini kijitabu cha kurasa chache cha maneno ya wadi ya uzazi, kilichokusanywa kwa wakunga wenyewe wa Voi, Wesu na Taveta, wa kike na wa kiume, chenye salamu, tafsida, maswali ya idhini na namna ya kupokea jibu la hapana, kingemfaa mwanafunzi wa uuguzi kabla hajavaa glavu ya kwanza. Ukurasa wake wa kwanza ungehitaji sentensi moja tu ya kujitambulisha: Mama, mimi ni mkunga, niko zamu pamoja na mkunga mwenzangu wa kike, ungependa nani akuhudumie? Na pale ambapo mwenzake hayupo, kama ilivyo katika zahanati nyingi za vilimani, sentensi hiyo ibadilishwe kwa ukweli: niko peke yangu leo, mama, na huyu uliyekuja naye atakaa hapa kando yako.